Sherehe Hubadili Nini? Jibu kwa Baba wa Bibi Harusi

Swali: Mzazi mmoja wa Tanga anaeleza kwamba binti yake mkubwa, mwenye umri wa miaka 27, amechumbiwa, naye anataka ndoa ifungwe msikitini baada ya sala ya alasiri, watu wa karibu wale chakula, na mambo yaishe hapo. Mama wa binti anataka kicheni pati, sendofu, kesha na harusi ya ukumbini, na ndugu wameshaunda kamati. Mwaka jana familia hiyo ilitumia fedha nyingi katika hitima ya arubaini ya bibi yake binti. Mzazi anauliza: "Arubaini ya mtoto, harusi, hitima, vyote hivi vina maana gani zaidi ya kula na kumaliza fedha? Na nikikubaliana na binti yangu, nitakuwa nimeacha nini?"

Jibu: Mzee mwenzangu, nitaanza na swali lako la pili, kwa sababu ndilo linalolifungua lile la kwanza. Ukiziacha sherehe zote, ndoa ya binti yako itakuwa ndoa kamili. Akishapatikana walii (msimamizi wa bibi harusi), mashahidi wawili na mahari, na pande mbili zikaridhia, hakuna atakayeweza kusema kwamba binti huyu hakuolewa. Utakachokuwa umekiacha ni kazi nyingine ambayo ndoa haiwezi kujifanyia yenyewe, nayo ni kuwafanya watu wengine, wale ambao siku hiyo hawaoi wala hawaolewi, wabadili mwenendo wao kwa hao wawili.

Tumezoea kudhani kwamba sherehe inamhusu zaidi yule anayevuka kutoka hali moja kwenda nyingine. Kwa miaka mingi niliyoshughulika na mila za mipito ya maisha nimefikia kuamini kwamba inawahusu zaidi wanaomtazama akivuka. Binti akishaolewa anajua kwamba ameolewa, na hahitaji pilau kumkumbusha. Asiyejua, au anayejua kwa kusikia tu, ni mjomba aliyezoea kumtuma kama mtoto, ni wifi ambaye kuanzia kesho hana budi kumhesabu kuwa mtu wa nyumbani, ni jirani atakayeulizwa siku moja iwapo wale wawili walikuwa mume na mke kweli, na ni kijana wa mtaani aliyekuwa na matumaini yake na sasa anapaswa kuyafunga. Watu hao wote wanatakiwa kubadilika kwa pamoja, tena siku moja, na haiwezekani kumwendea kila mmoja kwake na kumweleza. Ndiyo maana wanaitwa mahali pamoja, wanaona, wanakula, na kwa kula kwao wamekubali. Aliyekula wali wa harusi hawezi kesho kusema hakuwa na habari.

Hata sheria ya nchi imeliona jambo hili. Sheria ya Ndoa ya Tanzania ya mwaka 1971, katika kifungu cha 160, inaeleza kwamba ikithibitika kuwa mwanamume na mwanamke wameishi pamoja kwa miaka miwili au zaidi katika hali iliyowafanya wajulikane kwa watu kuwa ni mume na mke, itachukuliwa kwamba walioana ipasavyo, mpaka itakapothibitishwa vinginevyo. Maana yake ni kwamba mahakama ikikosa cheti huenda kuuliza majirani walikuwa wakiwaonaje watu hao. Wakristo wa Ulaya walilijifunza jambo hilo kwa tabu. Kabla ya Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki, kuamua mwaka 1563 kwamba ndoa ifungwe mbele ya padri na mashahidi, baada ya kutangazwa mara tatu, vijana wawili waliweza kuoana kwa kuambiana maneno faraghani, na mmoja akiyakana baadaye hapakuwa na wa kumsuta. Katika Uislamu amri ya kuitangaza nikaha na kufanya walima, yaani karamu ya ndoa, ipo wazi, na ukubwa wa walima uliwekwa chini kabisa: Mtume (S.A.W.) alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa mbuzi mmoja. Mwambie mama wa binti kuhusu huyo mbuzi mmoja, lakini na binti naye umkumbushe kwamba mbuzi hakuondolewa.

Sasa nirudi kwenye swali lako la kwanza. Mwaka 1909 mtaalamu mmoja aliyeandika kwa Kifaransa, Arnold van Gennep, alizilinganisha sherehe za kuzaliwa, za balehe, za ndoa na za mauti kutoka pembe nyingi za dunia, akaona kwamba zote zina umbo moja. Kwanza mtu hutengwa na hali yake ya zamani, kisha hukaa katikati kwa muda akiwa hayuko huku wala kule, halafu hurudishwa kwa watu akiwa na hali mpya. Alizifananisha hali za maisha na vyumba vya nyumba moja, kwamba huwezi kutoka katika kimoja na kuingia katika kingine bila kupita kizingitini. Wanafunzi wangu walipenda kuyapokea maneno haya kama ugunduzi kutoka mbali, nami nilikuwa nikiwaambia wafungue kamusi ya Kiswahili, kwa sababu watu wa pwani walikwisha kukipa kizingiti hicho majina.

Mwanamke aliyejifungua, mpaka atimize siku arubaini, huitwa mzazi, na hapo neno hilo lina maana yake ya pekee: ndiye yule aliyelazwa ndani, anayekandwa kwa maji ya moto na kunyweshwa uji wa pilipili manga, asiyepika wala kutoka. Msichana aliyevunja ungo akawekwa ndani kufundwa huitwa mwali, na siku za harusi jina hilo humrudia. Mwanamke aliyefiwa na mume, akiwa katika eda ya miezi minne na siku kumi, huitwa kizuka. Neno hilo kizuka lina maana nyingine unayoijua, ya kiumbe cha kutisha kinachotokea na kutoweka, na sidhani kwamba maana mbili hizo zilikutana kwa bahati. Mjane wa siku hizo hayuko sawasawa upande wa walio hai, kwa kuwa nusu yake ingali na aliyezikwa. Majina yote matatu ni ya muda, na mtu hupewa ili ayavue. Siku ya kuyavua ndiyo sherehe yenyewe: mtoto anatolewa nje, mwali anachezwa, mjane anaoga, anavua nguo za eda na kurudi kwa watu. Ukiitazama arubaini ya mtoto kwa jicho hilo, utaona kwamba waalikwa wanaambiwa mambo mawili kwa mpigo, kwamba mtu mmoja ameongezeka duniani na kwamba mama yake sasa anaruhusiwa kusumbuliwa tena.

Harusi ya pwani nayo ilikuwa na kipindi chake cha katikati. Fungate, ambayo siku hizi magazeti huitumia kwa maana ya safari ya maharusi kwenda hotelini, ni neno la kale lenye maana ya saba. Zilikuwa siku saba ambazo maharusi walikaa ndani bila kufanya kazi, wakiletewa chakula kutoka kwa wazazi wa bibi harusi. Fikiria ustadi wa mpango huo. Watu wawili ambao pengine hawakuwahi kuzungumza kwa saa moja wanapewa juma zima la kuzoeana, hawaulizwi chochote, na chakula kinachoingia mlangoni kila siku kinawakumbusha wakwe kwamba binti hakutupwa. Mtu akiniuliza ni kipi katika desturi zetu za ndoa ningependa kifufuliwe, sitataja ngoma wala mavazi, nitataja sinia za fungate.

Kuna jambo moja kuhusu kipindi hiki cha katikati ambalo Victor Turner, mwanaanthropolojia aliyeishi na Wandembu wa kaskazini-magharibi ya Zambia mwanzoni mwa miaka ya 1950, alilieleza vizuri kuliko wengi. Walioko kizingitini huwa sawa. Kijana aliyeingia kumbini, yaani kambi ya jando, awe mtoto wa jumbe au wa mchunga mbuzi, alinyolewa kama wenzake, alikula nao katika chombo kimoja, aliitwa jina lilelile waliloitwa wote, na alifundishwa na manyakanga, wakufunzi wa jando, bila kubembelezwa. Walipotoka walikuwa wamefungwa pamoja kwa maisha yote. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Dunda, karibu na Bagamoyo, ambaye maelezo yake ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, aliyaandika mambo ya jando, unyago, harusi na matanga kwa lugha yake mwenyewe, na anayeyasoma leo atashangaa jinsi ambavyo kila tendo lina mtu wake maalumu wa kulitenda na haki yake ya kupokea. Kwa Wamasai mpito huo unaonekana kichwani: katika sherehe ya eunoto, nywele ndefu za moran, yaani kijana shujaa, hunyolewa, na anayezinyoa ni mama yake. Mwaka 2018 UNESCO iliiweka eunoto ya Wamasai wa Kenya, pamoja na enkipaata na olng'esherr, sherehe zao nyingine mbili za mipito ya wanaume, katika orodha ya urithi unaohitaji kulindwa kwa haraka.

Njia nzuri ya kujua kazi ya kitu ni kutazama kinapoondolewa. Mwaka 2007 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza tohara ya wanaume kuwa mojawapo ya njia za kupunguza maambukizi ya virusi vya UKIMWI, na kuanzia mwaka uliofuata kampeni kubwa ilifanyika Nyanza, Kenya, miongoni mwa Wajaluo, ambao kimila hawakutahiri bali waling'oa meno sita ya chini. Wanaume wengi walitahiriwa kliniki na kurudi nyumbani siku hiyohiyo. Kwa afya lilikuwa jambo jema, nami silipingi hata kidogo. Lakini hakuna aliyesema kwamba Mjaluo aliyetoka kliniki asubuhi ameingia utu uzima, kwa kuwa kilichofanyika kilikuwa ni tiba. Wanafamilia wa pwani wanaowapeleka watoto wao hospitali wanajua tofauti hiyo, ndiyo maana wengi hupika hata pilau dogo siku kidonda kinapopona. Kisu peke yake hakijawahi kumfanya mtu yeyote kuwa mtu mzima.

Mfano wa upande wa pili ni mzito zaidi. Mwaka 1996, huko Tharaka nchini Kenya, akina mama waliokuwa wamechoka kuona mabinti zao wakikeketwa walianzisha sherehe waliyoiita Ntanira na Mugambo, yaani tohara kwa maneno. Mabinti walitengwa kwa siku chache, wakafundwa na wanawake wazima kuhusu miili yao na maisha yao, kisha wakatolewa mbele ya watu kwa nyimbo, zawadi na chakula. Kila kitu kilibaki isipokuwa wembe. Walioubuni mpango huo walielewa jambo ambalo wahubiri na watunga sheria wengi hawakulielewa: mama aliyempeleka binti yake kwa ngariba alikuwa akitafuta siku ambayo kijiji kingemtambua binti yake kuwa mtu mzima, na ukimkataza jambo lile bila kumpa siku ile, atalitafuta usiku. Njia hii haikufanikiwa kila mahali ilikopelekwa. Ilishika zaidi pale ambapo baba na wazee wa ukoo walihudhuria na kuikubali, na ilikuwa dhaifu pale ilipoonekana kuwa ni semina ya watu wa mjini. Hapo unaona tena kwamba mashahidi ndio wenye uzito.

Niseme kidogo kuhusu mipito isiyo na sherehe, maana siku hizi ndiyo inayoniletea watu wengi kuliko harusi. Mtumishi wa umma anastaafu akiwa na miaka 60, anapewa cheti na picha ya pamoja, na Jumatatu asubuhi anaamka saa kumi na moja, anavaa viatu, anakaa sebuleni hajui aende wapi. Nyumbani anaitwa bado kwa cheo chake cha zamani, na hakuna aliyeelezwa kwamba mzee huyu sasa ana nafasi gani katika nyumba ambayo kwa miaka thelathini iliendeshwa bila yeye mchana kutwa. Ugomvi mwingi wa wastaafu na wake zao unaanzia hapo. Sina dawa kamili ya jambo hili, ila ninashauri familia zimwite mzee, zimpe kazi moja ya ukoo iliyo yake waziwazi, na zifanye hivyo mbele ya ndugu.

Tufike sasa kwenye fedha, ambazo naona ndizo zinazokuumiza. Desturi zetu ziliweka malipo mengi ndani ya harusi, na ukiyatazama kwa makini utagundua kwamba kila moja lilikuwa sentensi. Mkaja, ule mshipi wa nguo anaofungwa mwanamke tumboni baada ya kujifungua, hutolewa kwa mama wa binti, na maana yake ni kwamba tunakumbuka tumbo lililomzaa. Ubeleko, nguo ya kumbebea mtoto mgongoni, husema tunakumbuka mgongo uliombeba. Kilemba ni heshima ya baba. Kifungua mlango hupewa kungwi aliyeketi mlangoni mwa bibi harusi, na hapo kizingiti cha van Gennep kinakuwa kizingiti cha kweli, chenye bei na mlinzi. Leo malipo hayo mara nyingi yamegeuzwa kuwa bahasha moja anayokabidhiwa mshenga, imeandikwa jumla yake, na sentensi zote zimefutika. Halafu fedha nyingi mara kumi ya hizo zinakwenda kwenye ukumbi, mapambo, sare za kitambaa kimoja, muziki na mshereheshaji, ambavyo havisemi chochote kuhusu binti yako ambacho havikukisema kuhusu binti wa Jumamosi iliyopita. Katika sherehe nyingi nilizozichunguza, sehemu zinazofanya kazi ni rahisi, na sehemu za ghali hazifanyi kazi.

Kwa hiyo kipimo ninachokupa ni hiki: kwa kila jambo lililo katika orodha ya kamati, uliza ni nani atakayemtendea binti au mume wake tofauti baada ya jambo hilo kufanyika. Ukipata jibu, lihifadhi hata kama ni la kizamani. Ukikosa, liache hata kama mashemeji watanuna.

Nikikitumia kipimo hicho kwenye orodha yako, kicheni pati ningeiacha ibaki, lakini niirudishe kwa mama yake wa asili, ambaye ni unyago. Wanawake ishirini walioolewa, wanaomjua binti, waketi naye chumbani kwa jioni moja, singo na hina vikiwepo, wamweleze ukweli wa ndoa zao, pamoja na yale wasiyoyasema mbele ya waume. Baada ya jioni hiyo binti atakuwa na watu ishirini anaoweza kuwapigia simu usiku, na wao watakuwa wamekubali kupigiwa. Wakiwa mia tatu ukumbini chini ya spika, hakuna atakayesema la maana. Kesha ni la furaha na gharama yake ni ndogo, nalo lina nafasi yake ya kuziunganisha familia mbili kwa utani na ngoma kabla hazijaunganishwa kwa mkataba. Sendofu naiona kuwa ni nakala ya harusi iliyotangulizwa mbele. Kazi yake halisi, ile ya ukoo wa binti kumuaga kwa heshima, inafanyika vizuri nyumbani kwa dua ya wazee siku ile ile ya akadi, yaani ya kufungwa ndoa.

Kuhusu michango, nakuomba uwe mwangalifu kabla ya kusema huitaki. Una hakika kwamba katika miaka ishirini iliyopita hukuchangia harusi za watoto wa wenzako? Kama ulichangia, jina lako limo katika madaftari yao, na wapo wanaoingoja siku hii ili walipe. Ukiwafungia mlango umewaacha na deni wasilopata pa kulilipia, na wengine watalichukulia kuwa dharau. Pokea, lakini uamue wewe na kamati kwamba kitakachozidi chakula cha walima kitakwenda kwa maharusi, na tamko hilo litolewe waziwazi kwenye kikao cha kwanza ili mtu asije akadai baadaye kwamba alichangia muziki.

Kuhusu hitima ya bibi, nisingeijutia kama ningekuwa wewe. Matanga yaliyoanuliwa siku ya tatu yaliwaruhusu majirani kurudi makazini mwao, nayo arubaini iliwaruhusu watoto wake kurudi katika furaha zao bila kuonekana wamemsahau. Harusi hii isingeweza kupangwa kwa amani bila siku hiyo. Hilo la mwisho mwambie binti, kwa sababu barua yako inanionyesha kwamba ukali wake dhidi ya sherehe ulianza pale aliposhuhudia ndugu wakigombania bajeti ya nyama wakati yeye angali analia, na pengine hahitaji kushawishiwa kuhusu ukumbi kabla hajazungumzishwa kuhusu siku ile.

Mwisho, uliandika kwamba shangazi yake, ambaye ndiye angekuwa somo wake, yaani kungwi wa kumfunda, amefariki, na mama anataka kuajiri mtaalamu wa kufunda kutoka Dar es Salaam. Wapo wanaoifanya kazi hiyo kwa ustadi, lakini mtu wa kukodiwa huondoka na mkoba wake asubuhi. Mtafute mama mdogo au rafiki mkongwe wa marehemu shangazi, aliye karibu na mahali watakapoishi maharusi, na kifungua mlango kipewe yeye. Na kwa kuwa mnataka ndoa iwe mwishoni mwa Desemba, kumbuka kwamba Sheria ya Ndoa inataka taarifa ya nia ya kuoana itolewe kwa msajili angalau siku 21 kabla ya siku ya ndoa. Muulizeni imamu atakayefungisha kama ataishughulikia mwenyewe au anawaachia ninyi, na mfanye hivyo kabla ya Novemba kwisha.